Mkono wa Shangazi

Mimi si mtu wa kutoka nyumbani. Wanaonijua wanajua kwamba kunitoa kwangu ni kazi ya watu watatu: mmoja wa kunibembeleza, mmoja wa kunitisha na mmoja wa kunibebea mkoba. Lakini mwezi uliopita mdogo wangu alikuwa anaoza mwanawe wa kiume Malindi, akanipigia simu na kuniambia kwamba nisipofika, nitafute ndugu mwingine. Nikaenda.

Asubuhi ya siku ya pili bwana harusi alinijia na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kofia tatu nyeupe, mpya, ngumu kama sahani.

"Mama mkubwa, hebu nichagulie. Mimi naona zote ni moja."

Nikachukua moja nikaigeuza ndani nje. Mkono ulifanya hivyo wenyewe, sikuutuma.

"Watafuta nini huko ndani?"

"Natafuta aliyeishona."

Akacheka, kicheko kizuri cha kijana anayeoa. "Mama mkubwa nawe! Hii imeshonwa na mashine, huko Uchina. Utamwona nani?"

Nikamchagulia ile ya katikati, nikamwombea heri, nikaenda kukaa kwenye kiti cha uani. Chai ikaja, mahamri yakaja, na mimi ambaye sijawahi kukataa hamri tangu niote meno nikashindwa kula. Hasira ilikuwa imenipanda mpaka kooni. Si kwa yule kijana, maskini, na mashine haijanikosea kitu. Ilikuwa hasira ya zamani, ya karibu miaka arobaini, na nilidhani nimeshaitumia yote kwenye vitabu vyangu. Kumbe nilikuwa nimeiazima kidogo kidogo tu.

Kaa kitako nikueleze.

Nilikulia Takaungu kwa Nyanya, mama yake baba. Baba alikuwa mpishi katika hoteli moja Malindi, mama na wadogo zangu walikuwa naye huko, na mimi niliachwa kwa Nyanya kwa sababu ya kifua. Nilikuwa na pumu. Wenzangu walipokimbizana vichochoroni, mimi nilikuwa ndani na wanawake, nimepakwa mafuta ya mkaratusi kama samaki anayengoja kukaangwa. Usinionee huruma. Kifua kilipona nikiwa na miaka tisa, na habari za kupona kwake nilizificha karibu mwaka mzima. Nilipenda kuwa ndani. Nilipenda kuta nene za ile nyumba ya mawe, harufu ya chokaa iliyonyeshewa, udi wa Ijumaa, sauti ya nazi ikikunwa kwenye mbuzi huko uani, na redio ya jirani iliyoimba taarabu kupitia ukutani kana kwamba mwimbaji amefungiwa kabatini.

Katika nyumba hiyo tulikuwa wanawake watatu: Nyanya, shangazi yangu ambaye alikuwa kitinda mimba wake, na mimi. Na zilikuwamo kofia.

Kofia ya vito hujui ni nini mpaka uishone. Ni bafta nyeupe mbili zilizolazwa pamoja, zikachorwa maua kwa penseli. Mshonaji hutoboa vitundu vidogo kama punje ya mtama, kisha hukizungushia uzi kila kimoja mpaka kikaze. Hivyo ndivyo vito. Ni mamia juu ya mamia, na kofia moja hula miezi. Ukiitazama kwa nje, kama huna ujuzi, utasema kama mpwa wangu, zote ni moja. Lakini igeuze. Ndani ndiko mshonaji anakojulikana. Mmoja hukaza uzi, mwingine huulegeza. Mmoja hufunga fundo upande wa kulia, mwingine kushoto, mwingine hulificha kabisa. Wanawake wa Takaungu walikuwa wakiigeuza kofia na kukwambia imetoka nyumba ya nani, kama wewe unavyojua mwandiko wa ndugu yako kwenye bahasha kabla hujaifungua. Walisema, "Huu mkono wa fulani." Na mkono uliosifiwa kuliko yote, kuanzia Takaungu mpaka Malindi, ulikuwa mkono wa Nyanya.

Sasa nikwambie siri ya nyumba yetu. Nyanya alikuwa haoni.

Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu kabla sijafika pale, na nilipokuwa mkubwa wa kumtungia sindano alikuwa akiona mwanga wa mlango na vivuli vya watu, basi. Hakuna aliyejua. Kila asubuhi, baada ya chai na mbaazi, alikaa ukumbini juu ya mkeka, mgongo wima, kofia magotini, sindano ikipanda na kushuka. Majirani wakiingia wanamkuta anashona. Kazi yangu mimi ilikuwa kuamkia kwa sauti kubwa kabla hawajafunua midomo.

"Shikamoo, mama wa dukani!"

"Marahaba mwanangu."

Na Nyanya, bila kuinua kichwa: "Aa, mama wa dukani, karibu. Kanga mpya hiyo?"

Alikuwa akibahatisha. Mama wa dukani alikuwa na kanga mpya karibu kila wiki, hivyo alipatia mara nyingi, na mama wa dukani aliondoka akisema macho ya yule mzee ni ya msichana. Mimi nilijiona hodari sana. Watu wa Takaungu walinisifu kwa adabu. Mtoto gani huyo, anavyoamkia watu kwa vyeo vyao! Adabu gani? Nilikuwa king'ora.

Baada ya adhuhuri, shangazi alifunga mlango wa mbele, akaichukua ile kofia kutoka magotini mwa mama yake, akaenda nayo chumba cha ndani chini ya dirisha. Hapo alifumua yote yaliyoshonwa asubuhi. Yote. Yalikuwa kama nyayo za kuku kwenye matope. Kisha akaanza upya, kito kwa kito, mpaka mwanga ulipopungua. Asubuhi Nyanya aliikalia tena, mchana shangazi akafumua tena. Alifanya hivyo kwa miaka saba, tangu alipokuwa msichana wa miaka kumi na saba. Nilikuwa namtungia sindano, namshikia uzi, na sikuwahi kumsikia akilalamika. Alikuwa mtu wa mzaha. Alikuwa akiniinulia kipande kilichofumuliwa na kusema, "Tazama, leo mama ameshona ramani ya Kenya." Kisha tunacheka kwa kuziba midomo, maana masikio ya Nyanya hayakuwa na ugonjwa wowote.

Kwa hiyo unaelewa: ule mkono wa Nyanya uliokuwa ukisifiwa ulikuwa mkono wa shangazi. Kofia walizovaa maimamu, walimu na wafanyabiashara siku ya Idi, wakapokea sifa, wakazipeleka sifa kwa Nyanya, zilikuwa za shangazi kila uzi. Nyanya alizipokea zile sifa kwa kuinamisha kichwa kidogo na kusema, "Ni Mungu tu." Mungu ndiye aliyetajwa. Binti yake, hata siku moja.

Shangazi alipochumbiwa na kijana wa Malindi, karani mpole mwenye shingo ndefu, kwa desturi ya kwetu alitakiwa ashone kofia ya mumewe kwa mkono wake mwenyewe. Sio jambo la kuazimana. Kofia ya bwana harusi ndiyo barua ya kwanza ya mke. Hapo ndipo watu wa mume wanapomsoma mke wao, kama ana subira, kama ana macho, kama anajua kumaliza alichoanza. Shangazi aliishona kwa miezi mitano, mchana akimaliza ya kufumua, anaishika yake. Nilimwona. Alikuwa akiishona kama mtu anayekula tende, moja moja, hataki ziishe. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kofia ambayo angeitoa na kusema ni yangu.

Angeweza kuiharibu kidogo. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Angelegeza uzi, angebadilisha fundo, na watu wangesema si mbaya kwa bi harusi, mamake atamfunza zaidi. Hakufanya hivyo. Alishona kwa nguvu zake zote. Alisahau kwamba mkono wake ulikuwa na jina la mtu mwingine tayari.

Watu wa mume walikuja mchana, siku ya hina. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nakumbuka kwa sababu shuleni bado tulikuwa tukipewa yale maziwa ya pakiti za pembetatu, na nilikuwa nimeficha mbili kwa ajili ya shangazi. Ukumbi ulijaa wanawake. Shangazi amekaa katikati, mikono na miguu imepakwa hina mbichi, haruhusiwi kugusa kitu. Nyanya amekaa kwenye kiti, amevaa leso mpya, anatabasamu kuelekea kila sauti. Kutoka Malindi waliletwa na dada mkubwa wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye ulimi, ambaye watu walimchekea hata kabla hajasema ili awahurumie.

"Haya, tuleteeni kofia yetu tuione. Ama mwataka tuoe kwa imani tu?"

Vigelegele. Kofia ikaletwa kwenye sinia, juu yake maua ya asumini. Akaishika, akaitazama nje, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaigeuza.

Akaisogeza karibu na macho. Akapitisha kidole gumba ndani yake taratibu.

"Hii," akasema, "si ya bi harusi."

"Eh! Wasema nini wewe?"

"Nasema hii si yake. Kofia ya marehemu baba naifua mimi kwa mikono yangu, naitia wanga, naianika, mwaka wa tano huu. Ilitoka nyumba hii hii. Mafundo haya nayajua kama nijuavyo meno yangu. Huu ni mkono wa mama." Akamgeukia Nyanya kwa heshima, akarudi kwa shangazi bila heshima. "Wifi yangu, ndugu yangu aoa wewe ama aoa mama yako?"

Wakapasuka kwa vicheko. "Na kupika atakupikia mama?" mmoja akadakia. "Na mtoto je, atamzaa nani?" Kilikuwa kicheko cha harusi, kile kinachodaiwa ni mzaha, ambacho aliyechekwa hukaa nacho maisha yote huku waliocheka wamekisahau kabla ya pilau.

Shangazi aliinua macho akamtazama mama yake. Mimi pia nilimtazama. Nilikuwa na hakika. Mtoto wa miaka kumi ana hakika ya ajabu kuhusu watu wazima. Nilijua Nyanya atasema sasa, atasema jamani, mwanangu huyu ndiye macho yangu.

Nyanya akarekebisha leso yake. "Mnisamehe wanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa tamu. "Mtoto alikuwa na shughuli nyingi. Nikaona uchungu wa mama, nikamshonea."

Afadhali angenyamaza tu. Alisema uwongo, akaupamba, akaupaka asumini.

Wanawake wakasema mashallah, mama ni mama. Mimi nikasimama. Nilikuwa nimeketi ubavuni mwa shangazi, nikasimama na kidole kimenyooka kuelekea kwenye kile kiti, nikafungua mdomo. "Nyanya ha..." Na hapo shangazi, na hina yake mbichi, akanifinya paja kwa nguvu ambayo sijafinywa tena.

"Ha nini, mwanangu?" akauliza yule wifi. Wote wakanitazama.

Nikasema, "Nataka kwenda chooni."

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu ya kwanza hadharani. Wakacheka tena. Nikaenda chooni kweli, nikakaa huko nikilia kwa hasira, gauni langu jeupe limechafuka hina pajani, na tangu siku hiyo watu wakinisifu kwamba ninaandika bila woga, huwa natazama chini.

Ndoa ilifungwa. Shangazi akaenda Malindi, akaishi na watu wa mumewe, na kwa miaka na miaka akawa Bi Kofia. Akipika wali ukatoka vizuri: "Umepika wewe, ama umeletewa kutoka Takaungu?" Akisuka mkeka: "Mama yuko ndani nini?" Mumewe hakumtetea wala hakumuuliza. Aliivaa ile kofia siku ya nikaha, kisha akaiweka sandukuni, kwa upole wake wote, kama mtu anayeficha hati ya kughushi. Upole wa namna hiyo nauchukia kuliko matusi. Shangazi hakushika tena sindano ila kwa kupachika vifungo vya sare za watoto.

Na Takaungu? Takaungu hakuna kofia iliyotoka tena nyumbani kwetu, na hakuna hata mmoja aliyekaa akajiuliza kwa nini mkono mashuhuri umekoma wiki ile ile binti alipoondoka. Nyanya aliwaambia vidole vimechoka. Wakamheshimu zaidi. Wakamletea halua, wakamletea samaki, wakawaleta mabinti zao awashike mikono awaombee wawe kama yeye. Wale wale walioweza kusoma fundo la uzi ndani ya kofia hawakuweza kusoma nyumba iliyo wazi mbele yao! Watu wanaona kile wanachopenda kukisifu, basi. Naandika riwaya kwa cheti cha kidato cha nne ambacho sipendi kukionyesha, na kama kuna kitu ninachokijua kuhusu binadamu ni hicho, na sikukipata shuleni.

Nilimuuliza Nyanya mara moja. Nilikuwa kidato cha pili, nimekuja likizo, nakuna nazi uani, naye amekaa karibu yangu akipepeta mchele kwa kugusa. Wakati huo hata mwanga wa mlango haukuwepo tena machoni mwake.

"Nyanya, kwa nini ulisema umeshona wewe?"

Hakujifanya hajui ninasema nini. Hilo nampa. Ungo ulizunguka mara tatu nne.

"Yeye alikuwa anapata mume," akasema. "Anapata nyumba, anapata watoto. Mimi nilikuwa nabaki na nini humu? Nilikuwa na jina tu. Ulitaka niwape na hilo, nikae hapa, mzee kipofu aliyedanganya watu miaka saba?"

"Lakini lilikuwa lake."

"Kuna nazi ngapi hapo?" akaniuliza.

"Mbili."

"Kuna basi."

Nilimwelewa. Hapo ndipo hasira inapouma zaidi. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mwanamke mbaya, lakini alikuwa ndiye aliyekesha nami kifua kilipokuwa kikipiga filimbi, aliyenipa ukoko wa wali wa nazi bila kuwagawia wageni. Aliogopa kuwa si kitu. Basi. Kwa hofu ndogo kama hiyo, ya kawaida, ambayo mimi na wewe tunayo mfukoni, alimmaliza binti yake mbele ya watu kwa sauti tamu. Kumwelewa hakukunipunguzia hata chembe. Alipofariki, msiba ulijaa mpaka barabarani, na kila aliyesimama alitaja mkono wake. Nilikuwa nimekaa na wanawake. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, nina kitabu kimoja tayari. Nikanyamaza tena, safari hii bila kufinywa na mtu.

Shangazi nilimuuliza baadaye sana, Gede, kwenye kibaraza cha nyumba waliyohamia mumewe alipostaafu. Tulikuwa tunamenya maembe mabichi ya achari. Alikuwa amenenepa, mzaha wake uko pale pale.

"Shangazi, kwa nini ulinifinya siku ile?"

"Kwa sababu ungesema."

"Si ndiyo nilitaka! Nilitaka niseme!"

"Na wangekuamini, wewe mtoto mwenye adabu. Halafu mama angekaa wapi?"

"Na wewe ukakaa wapi?"

Akatupa kokwa kwa kuku. "Mimi? Mimi nilikaa Malindi," akasema, akacheka mpaka akatoa machozi. Mimi sikucheka. Nilimkasirikia na yeye. Nilimwambia amejidhulumu, nikamwambia nitaandika. Akaacha kucheka. "Nikiwa hai, usiandike," akasema. "Sitaki huruma ya watu wa Malindi. Nimeshazoea dharau zao, sasa tena nianze kuzoea huruma?"

Alifariki mwaka jana. Kwenye hitima yake walisifu achari.

Ile nyumba ya Takaungu iliuzwa, na aliyeinunua ameangusha ukuta wa ukumbi ili gari lake liingie. Dirisha la chumba cha ndani limezibwa kwa matofali. Wanawake waliojua kugeuza kofia na kusoma wameisha mmoja mmoja, na mabinti zao wanashona kwa simu, yaani wanaagiza. Kofia zenyewe zimekwisha kwenye vichwa vya wenyewe, zikafuliwa, zikatiwa wanga, zikachanika, zikawa vitambaa vya kufutia taa. Siku hizi hakuna bi harusi atakayeonewa kama alivyoonewa shangazi, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kujua mkono wa huyu na mkono wa yule. Watu wanaita hayo maendeleo, na huenda ni kweli. Ningefurahi, kama nisingekuwa nimekaa chini ya lile dirisha nikimshikia uzi, nikamwona akikaza fundo la mwisho la kofia yake na kuiinua juu ili mwanga upite kwenye vile vitundu vyote.

Kwa hiyo nakuomba kitu. Kama babu yako alikuwa mtu wa pande zetu, na nyumbani kuna kofia yake ya miaka ile imebaki sandukuni, itoe uigeuze. Ukikuta mafundo yamefungwa kushoto, madogo, yamekazwa mpaka hayashikiki kwa ukucha, watakwambia hiyo ilishonwa na bibi mmoja mashuhuri wa Takaungu. Waambie hapana. Ilishonwa na binti yake.